Kambi Iko Wilayani Kwetu: Nani Hulipia Nini?

Katika mikutano ya vijiji vinavyopakana na Kambi ya Nyarugusu kuna swali lisilokosa kuulizwa. Mara huulizwa kwa upole, mara kwa ukali, lakini kiini chake hakibadiliki: je, ushuru tunaoutoa gulioni ndio unaowajengea wakimbizi nyumba, ilhali boma la zahanati yetu bado halijaezekwa? Mwananchi ana haki ya kuuliza hivyo. Kitengo cha Mawasiliano kimeona vyema kulijibu swali hilo kwa maandishi, kwa sababu jibu la mdomo la dakika mbili mwishoni mwa mkutano, watu wakiwa wamekwisha kusimama, huzaa uvumi kuliko uelewa.

Jibu fupi ni hapana. Bajeti ya Halmashauri haina fungu la kununulia turubai, bati wala tofali la nyumba ya mkimbizi. Jibu kamili ni refu zaidi, na si lote linalopendeza kusikika. Halmashauri yenye kambi hulipa, ila hulipa katika mafungu ambayo hayakuandikwa jina la mkimbizi popote.

Nyumba ya mkimbizi

Masuala ya wakimbizi nchini ni ya Serikali Kuu. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998 humpa Waziri mwenye dhamana ya Mambo ya Ndani ya Nchi mamlaka ya kutenga maeneo ambamo wakimbizi wataishi, na mkuu wa kambi huwajibika kwa wizara hiyo, wala hayuko chini ya Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri. Baraza la Madiwani halipigi kura kuamua kambi iwe wapi, ipokee watu wangapi au ifungwe lini. Msomaji aliweke hilo akilini, kwa maana mengi yatakayoelezwa hapa chini yanatokana nalo: anayeamua ni mmoja, anayelipia ujenzi ni mwingine, na anayeishi na matokeo ni wa tatu.

Serikali hutoa ardhi, ulinzi na utaratibu wa kuwapokea na kuwatambua waombaji hifadhi. Fedha za makazi, maji, vyoo, tiba na shule za kambini hutafutwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi, UNHCR, na zile za chakula hutafutwa na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani, WFP. Fedha hizo hazitoki katika mfuko uliokwisha kujazwa. Nchi wafadhili huchangia kwa hiari, mwaka hadi mwaka, na hakuna mahakama inayoweza kuidai nchi iliyoamua kutochangia. Mwaka 2017 mwito wa fedha kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi katika nchi zote zilizowapokea ulipata karibu moja ya tano tu ya kiasi kilichoombwa. Mwaka uliofuata Tanzania ilijitoa katika mpango wa kimataifa wa pamoja wa kushughulikia wakimbizi, ikitaja sababu za usalama na uhaba wa fedha.

Uhaba huo huonekana mapema zaidi kwenye paa. Mwaka 2015, ghasia za kisiasa zilipowakimbiza Warundi kuingia nchini, maelfu kwa maelfu walikusanyika Kagunga, kijiji kilichobanwa kati ya mlima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kiliwakuta huko wakisubiri meli ya MV Liemba iwachukue kuelekea Kigoma mjini. Waliletwa Nyarugusu, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili ya Wakongo, na ilipofurika Serikali ikafungua tena Nduta wilayani Kibondo mwezi Oktoba mwaka huo, kisha Mtendeli wilayani Kakonko mwezi Januari 2016. Wengi walianzia katika mahema makubwa ya pamoja, familia zikitenganishwa kwa pazia la turubai, kabla ya kupewa hema la familia.

Hema si nyumba. Jua na mvua za Kigoma hulichosha mapema, na fedha zilizolinunua huwa zimekwisha kutumika. Ndiyo maana watu wa ujenzi hupendelea kile kinachoitwa makazi ya mpito, yaani nyumba ndogo ya matofali ya udongo ambayo mkimbizi mwenyewe hushiriki kuijenga, huku shirika likimpa vifaa vya paa. Kipimo cha kimataifa ni mita za mraba 3.5 za sakafu yenye paa kwa kila mtu. Kwa kambi nzima, pamoja na njia, vyoo, shule na visima, kipimo ni mita za mraba 45 kwa kila mtu. Kwa watu 100,000 hiyo ni hekta 450. Hapo gharama ya kwanza ya wilaya inajitokeza, nayo haina stakabadhi: ardhi ambayo haitalimwa, haitapimwa viwanja wala haitapandwa miti kwa muda wote ambao kambi itakuwapo.

Mwandishi wa makala haya alikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi Nyarugusu ilipofunguliwa. Wazazi wakati ule walisema ni kwa miezi michache.

Mahali Halmashauri inapolipa

Tuanze na barabara, kwa sababu ndizo zinazolalamikiwa zaidi. Tukichukua kwamba kila mtu kambini hupata takriban nusu kilo ya chakula kikavu kwa siku, watu 100,000 wanahitaji tani 50 kila siku, tani 1,500 kwa mwezi. Hayo ni malori 50 ya tani 30, bila kuhesabu maboza ya mafuta, malori ya vifaa vya ujenzi na magari ya mashirika yanayokwenda na kurudi. Barabara ya udongo iliyowekwa kwa ajili ya baiskeli, pikipiki na gari la mnada la kila wiki haiwezi kustahimili mzigo huo wakati wa masika. Barabara kuu na za mkoa ni za TANROADS. Za wilaya, tangu Julai 2017, ni za TARURA. Barabara ya lami ya Kabingo, Kasulu hadi Manyovu inajengwa kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa Benki ya Maendeleo ya Afrika, ambao utalipwa na Watanzania wote, wa Mtwara na wa Mara wakiwemo. Katika barabara hiyo, basi, mzigo umegawanywa kitaifa. Lakini ile inayochepuka kwenda kijijini, ambayo lori la maboksi huipitia kukwepa foleni au matope, inasubiri bajeti ya matengenezo ya wilaya, na bajeti hiyo haikupangwa kwa kuhesabu malori ya misaada.

Afya ni jambo lenye pande mbili, na si sawa kusimulia upande mmoja tu. Mkimbizi anayeshindikana kutibiwa kambini hupewa rufaa kwenda hospitali za nje, zikiwemo Kabanga na Maweni. Shirika husika hulipa bili. Hata hivyo bili hulipia dawa na upasuaji. Haimwongezi muuguzi katika zamu ya usiku wala kitanda cha pili pale ambapo kipo kimoja. Mama mjamzito wa kijijini na mama mjamzito wa kambini wanapofika usiku mmoja, foleni ni moja. Upande wa pili ni huu: vituo vya afya vya kambini huwatibu wananchi wa vijiji vya jirani bila malipo, na wengi wetu tunao ndugu waliojifungulia au kutibiwa malaria humo. Hakuna anayeikatia Halmashauri ankara ya huduma hizo. Ukijumlisha na kutoa, haiwezekani kusema kwa wepesi ni nani anayemdai mwenzake.

Elimu haileti mzigo mkubwa kama wengi wanavyodhani. Watoto wa kambini husoma kambini, kwa mitaala ya Kongo na ya Burundi, kwa lugha ya Kifaransa, ili siku ya kurejea kwao wasianze upya. Walimu wanaolipwa kupitia Halmashauri hawafundishi huko, na madawati ya shule zetu hayapelekwi huko.

Msitu ni habari nyingine. Familia iliyopewa unga na maharage bila nishati ya kupikia itatafuta kuni, hata kama imekatazwa. Tofali huchimbwa ardhini, na mashimo yanayobaki hujaa maji. Kingo za vijito hukwanguliwa. Wanakijiji wenye misitu ya hifadhi ya kijiji huona miti ikipungua na hushika mapanga. Wanawake wa kambini wanaokwenda kuokota kuni wamekuwa wakikabiliwa na hatari ya kushambuliwa na kubakwa njiani. Afisa misitu wa wilaya hutumia siku zake kusuluhisha ugomvi huo. Mshahara wake umo katika bajeti ya kawaida, na siku alizotumia hakuna anayezirejesha. Vivyo hivyo kwa afisa ustawi wa jamii, afisa ardhi na mtendaji wa kijiji anayeitwa saa nane usiku.

Je, Serikali Kuu haiongezi ruzuku kwa wilaya zenye kambi? Ruzuku kwa halmashauri hugawanywa kwa vigezo. Fomula ya ruzuku ya afya iliyoanza kutumika mwaka 2004, kwa mfano, ilitazama mambo manne: idadi ya watu, iliyopewa uzito wa asilimia 70, kisha umaskini, umbali ambao magari ya afya husafiri wilayani, na vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano. Ni vigezo vyenye busara. Lakini havina kigezo cha tano kinachosema kwamba wilaya hii imepokea watu wengi kwa ghafla, na kwamba hospitali yake inafanya kazi ya wilaya mbili. Wataalamu wa mipango wanaposema kambi haionekani katika ruzuku, hilo ndilo wanalomaanisha.

Kinachorudi kwa mwenyeji

Si kweli kwamba wilaya haipati kitu. Kampuni inayouza bidhaa au kufanya ujenzi ndani ya eneo la Halmashauri hutakiwa kisheria kulipa ushuru wa huduma, na wazabuni wa kambini wamo. Vijana wetu wameajiriwa kama madereva, walinzi, wauguzi na wakalimani. Wenye nyumba za kupangisha mjini wanaijua thamani ya mfanyakazi wa shirika, ingawa mpangaji wa kawaida, aliyepandishiwa kodi kwa sababu hiyo hiyo, analitazama jambo hilo kwa jicho jingine.

Tangu mwaka 2017 mashirika ya Umoja wa Mataifa yamekuwa na programu ya pamoja kwa Mkoa wa Kigoma, inayogusa kilimo, maji, elimu, nishati na mazingira, uwezeshaji wa wanawake na vijana, na kupinga ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Programu hiyo ilibuniwa kwa kutambua kwamba msaada unaoishia kwenye lango la kambi huwafanya majirani wawe maadui. Uganda imelisema jambo hilo kwa tarakimu: mwongozo wake unataka takriban asilimia 30 ya huduma zinazotolewa kwa ajili ya wakimbizi ziwafikie wenyeji. Tarakimu ina faida moja ambayo nia njema haina. Diwani anaweza kuishika mkononi na kuuliza: asilimia yetu iko wapi?

Inafaa pia kuangalia kwa wenye uwezo wanavyofanya, si kwa kuwaiga bali kuona hesabu yao inaanzia wapi. Ujerumani ina majimbo 16, na waombaji hifadhi wanaoingia nchini humo hugawanywa kwa majimbo yote kwa kanuni iitwayo Königsteiner Schlüssel. Theluthi mbili ya uzito wa kanuni hiyo ni mapato ya kodi ya jimbo, na theluthi moja ni idadi ya wakazi wake. Jimbo tajiri huchukua wengi hata kama liko mbali na mpaka. Majimbo nayo huwapeleka wageni katika miji na wilaya, ambako mameya hutafuta nyumba, na hapo ndipo mabishano ya fedha huanza. Mwezi Novemba 2023, baada ya mvutano mrefu, serikali ya shirikisho na majimbo zilikubaliana kwamba kuanzia mwaka 2024 serikali ya shirikisho itatoa yuro 7,500 kwa mwaka kwa kila mwombaji hifadhi mpya. Mameya wengi walilalamika kuwa hazitoshi, na bila shaka wana hesabu zao. Lakini tazama tofauti: kule fedha humfuata mtu hadi mji alikopelekwa. Huku kwetu mtu hukaa karibu na mpaka alikoingilia, na fedha, zikipatikana, huishia kambini. Kigoma haikuchaguliwa kwa sababu ya utajiri wake. Imechaguliwa na ramani.

Nchini mwetu penyewe kuna mfano mwingine, nao ni wa zamani. Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972 walipelekwa Katumba, Mishamo na Ulyankulu, maeneo ambayo leo yamo katika mikoa ya Katavi na Tabora. Walipewa ardhi ya kulima. Kufikia katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wakijilisha wenyewe, wakiuza mazao na kulipa kodi kama majirani zao, na UNHCR ikakabidhi huduma kwa Serikali. Mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 miongoni mwao na watoto wao walipata vyeti vya uraia. Sera ya kambi za sasa ni tofauti: mkimbizi haruhusiwi kutoka nje bila kibali, na hivyo hawezi kulima shamba wala kulipa ushuru. Mwandishi hana mamlaka ya kuipima sera hiyo, ambayo ina sababu zake za kiusalama. Ila kwa upande wa hesabu peke yake, ni dhahiri kwamba mtu asiyeruhusiwa kuzalisha atahitaji kulishwa na mwingine, na mwingine huyo anaweza kuchoka. Mwaka 2023 mgao wa chakula kambini ulishuka hadi nusu ya kiwango kamili. Wananchi wa vijiji vya jirani hawakuhitaji taarifa rasmi ili kulijua hilo. Walioona wizi wa mihogo shambani walijua.

Wafadhili wanapoondoka

Hapa ndipo penye jambo ambalo Halmashauri inapaswa kuliandalia bajeti. Kambi hufungwa. Mtabila, hapa hapa Kasulu, ilifungwa mwishoni mwa mwaka 2012 na eneo lake likachukuliwa na Jeshi la Kujenga Taifa. Lugufu, iliyofungwa mwaka 2009, imekuwa eneo la shule za sekondari. Mtendeli ilifungwa mwaka 2021 na wakazi wake wakahamishiwa Nduta. Kambi inapofungwa huacha visima, majengo, mitambo ya maji, pengine na gari la wagonjwa. Hukabidhiwa kwa hafla, hotuba na picha, na mwandishi wa safu hii ndiye hupiga picha hizo.

Kisima chenye pampu ya dizeli ni zawadi siku ya makabidhiano. Mwezi unaofuata kinahitaji mafuta, fundi na mlinzi. Huduma za maji vijijini sasa ziko chini ya RUWASA, na uendeshaji wa kila siku ni wa vyombo vya watumia maji vinavyoundwa na wananchi wenyewe, ambavyo hutegemea malipo ya ndoo. Mtambo uliobuniwa kwa ajili ya kambi ya makumi ya elfu ya watu hauendeshwi kwa ndoo za kijiji kimoja. Jengo la zahanati bila mganga aliyeajiriwa na Serikali litabaki na mlango uliofungwa kwa kufuli. Kwa hiyo kabla ya kupokea, Halmashauri inatakiwa kuuliza: gharama ya kuendesha kwa mwaka ni kiasi gani, na italipwa kutoka kifungu kipi? Pasipo jibu, ni afadhali kuomba mtambo mdogo zaidi, au wa jua, kuliko kupokea mkubwa utakaokufa mikononi mwetu.

Njia ya kulipeleka suala hili mbele inaanzia kijijini. Mashirika yanayotoa miradi kwa wenyeji huomba kuona vipaumbele vilivyoandikwa katika mpango wa Halmashauri, na mpango huo hujengwa kwa mipango ya vijiji iliyoibuliwa kwa utaratibu wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo. Kijiji ambacho katika mpango wake kimeandika “barabara” tu hakina hoja ya kushindana na vijiji vingine vyote vilivyoandika neno hilo hilo. Kijiji kilichoandika barabara ipi, kilomita ngapi, malori mangapi yanapita kwa juma, na daraja gani lilivunjika mwezi gani, kimempa diwani wake kitu cha kuweka mezani, iwe mbele ya TARURA au mbele ya shirika. Vivyo hivyo kwa msitu: ekari zilizopungua zipimwe na kuandikwa sasa, kambi ikiwa bado ipo, maana ikishafungwa hakutakuwa na wa kumwonyesha.

Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na maoteo ya vijiji huanza kukusanywa miezi mingi kabla yake. Vijiji vinavyopakana na kambi vinaombwa kuliweka suala hili katika ajenda ya mkutano mkuu wa kijiji wa robo mwaka, kisha kuwasilisha orodha yake kwa Afisa Mtendaji wa Kata, ambaye ataiwasilisha kwa Idara ya Mipango. Taarifa za mapato na matumizi ya kila robo hubandikwa kwenye mbao za matangazo za kijiji na kata. Mwananchi asiyeiona kwenye ubao wa kijiji chake anayo haki ya kumuuliza mtendaji wake iko wapi.